Mshahara wa Kwanza ni wa Nani?

Jiwe la chokaa lina hesabu yake. Jiwe safi likiingia tanurini kilo 100, na moto ukapanda hadi nyuzijoto 900 hivi na kukaa hapo, hutoka kilo 56. Zile 44 zimepaa na moshi kama hewa ya ukaa. Kwa macho jiwe ni lilelile, ila ukilinyanyua unashangaa wepesi wake. Ukilimwagia maji linachemka lenyewe bila moto, linatoa mvuke, linapasuka na kumomonyoka mpaka linabaki unga mweupe. Hiyo ndiyo kuzima chokaa. Vumbi lake likipata jicho, au ngozi yenye jasho, linaunguza.

Nanyala wanaijua hesabu hiyo kwa mikono yao. Ni kata ya Wilaya ya Mbozi, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na inakatwa na barabara kuu ya TANZAM iendayo Zambia. Malori ya kwenda na kutoka mpakani Tunduma hupita Mlima Senjele kwa hadhari, kwa sababu mlima huo umekwisha kula watu wengi. Kijana anayeanza maisha hapo hakosi pa kuanzia, ingawa pote ni pazito. Yuko anayeponda mawe, yuko anayepakia viroba vya chokaa, na msimu wa kahawa ukifika wako wanaochuma kwa debe katika mashamba ya watu. Mwingine anakuwa utingo, mwingine anapewa bodaboda ya mtu na kupeleka hesabu kila jioni. Wachache hufika Tunduma na kupata kazi kwa wakala wa forodha, wakavaa shati lenye kola.

Halafu inakuja siku ya malipo ya kwanza. Fedha ni kidogo, wanaozingoja ni wengi. Mama hajasema kitu, lakini kitenge chake kimechuja rangi na kila mtu anakiona. Bibi anataka sukari. Rafiki aliyempeleka kwa mwenye tanuri anangoja shukrani yake, mwenye chumba anangoja kodi, na Jumapili iliyopita mhubiri amefundisha juu ya malimbuko. Katika makanisa mengi ya Tanzania mafundisho hayo yamekuwa makali na ya wazi: mshahara wa kwanza wa ajira mpya ni wa Mungu, wote, bila kukatwa. Wengine husema ni mshahara wa kwanza wa kila mwaka. Wengine hutosheka na pato la siku ya kwanza. Kijana amekaa kitandani na noti zake, au siku hizi anatazama ujumbe wa muamala kwenye simu, na swali analojiuliza ni la kale kuliko kanisa lake na kuliko barabara inayopita mbele ya mlango wake. Hiki nilichokipata kwa jasho langu la kwanza ni cha nani?

Kiswahili chenyewe kina kumbukumbu ndefu juu ya jambo hili. Mshahara umetokana na neno la Kiarabu la mwezi. Ni malipo yanayofuata mwandamo. Kibarua ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kutwa kuwa ushahidi kwamba amefanya kazi, na baadaye jina la karatasi likahamia kwa mtu aliyeishika. Ujira una asili moja na neno la Kiarabu ambalo Waislamu hulitumia kwa thawabu ya Mungu, kwa hiyo katika ulimi wetu malipo ya mpakia viroba na malipo ya mcha Mungu yamezaliwa nyumba moja. Malimbuko nayo yametoka katika kulimbua, yaani kuonja mavuno mapya kwa mara ya kwanza. Neno hili lilizaliwa mezani, watu wakila, muda mrefu kabla halijaandikwa kwenye bahasha.

Kwa mababu wa watu wa Mbozi swali hili lilikuja likiwa limevaa sare. Serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na baada ya muda ikatakiwa kwa rupia. Mtu aliyekuwa na ulezi ghalani na ng'ombe zizini alilazimika kutafuta sarafu, na sarafu ilikuwa kwa mwenye shamba, kwa mwenye msafara au kwa serikali yenyewe. Kwa wengi mshahara wa kwanza wa maisha yao ulikuwa na mwenyewe kabla haujapatikana, na mwenyewe alikuwa mtoza kodi. Baadaye, chini ya Waingereza, kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika kibarua alipewa kipande chenye siku 30 za kazi. Siku aliyougua haikuhesabiwa, na malipo yalingoja mpaka siku zote 30 zitimie, hata kama ingechukua mwezi na nusu.

Dhahabu ilipoonekana Lupa, Chunya, mwaka 1922, vijana wa nyanda za juu walitembea hadi huko. Wengine walivuka mpaka kwenda migodi ya shaba, na wengine wakafika Afrika Kusini. Kisha ikaja reli. Kati ya mwaka 1970 na 1975 Wachina, Watanzania na Wazambia walijenga kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, njia ikipita Vwawa na kufika mpakani Tunduma mwaka 1973. Makumi ya maelfu ya vijana walifanya kazi humo, na kwa wengi wao hiyo ndiyo ilikuwa ajira ya kwanza kabisa. Mwanahistoria Jamie Monson aliyeandika kitabu juu ya reli hiyo mwaka 2009 alifanya jambo la maana sana: aliketi na wazee waliokuwa vijana wakati ule, akawasikiliza wakieleza ujana wao kwenye mahandaki, madaraja na kambi. Huko Gongo la Mboto, Dar es Salaam, yako makaburi ya Wachina ambao hawakurudi kwao kusimulia.

Kusimuliwa si haki inayogawanywa sawa. Shaaban Robert aliingia kazi ya forodha mwaka 1926, akiwa kijana wa miaka 17, akaitumikia hadi mwaka 1944, na kwa kuwa alikuwa na kalamu, tunayo habari ya utumishi wake kwa maneno yake mwenyewe. Mponda mawe hana kalamu hiyo. Anachopata ni alama ya siku kwenye daftari la mwenye tanuri, na daftari likijaa linawashiwa moto.

Kabla ya kodi na kabla ya reli, moto wa eneo hili ulikuwa wa chuma. Wanyiha, wenyeji wa Mbozi, kama Wafipa jirani zao, walikuwa wayeyushaji hodari. Walijenga tanuri refu la udongo lililovuta hewa lenyewe, na kando yake tanuri dogo la kusafishia chuma kilichotoka. Kwa Wafipa kazi hiyo ilishikwa kama uzazi. Tanuri lilikuwa kama mwanamke, chuma kilikuwa mtoto, dawa ziliwekwa katika msingi, na mafundi walijitenga na wake zao siku za kuyeyusha. Kijana aliyeingizwa katika kazi hiyo hakujifunza kupanga mkaa na mawe peke yake. Alijifunza kuogopa, kwa maana ya heshima. Tofauti na leo inaumiza kidogo. Kwa wazee wale ibada ilitangulia moto. Kwa kijana wa tanuri la chokaa ibada inakuja baada ya malipo, siku ya Jumapili, na inamkuta akiwa na noti mkononi. Hakuna aliyemwombea alipoinua nyundo mara ya kwanza, ila wako wengi wanaojua fungu la Mungu katika alichopata.

Ukristo uliwafikia watu wa Mbozi mapema. Wamisionari Wamoravian waliotangulia Rungwe mwaka 1891 walifungua kituo Mbozi mwaka 1899, na Traugott Bachmann aliyekuwa hapo alijifunza lugha ya Wanyiha kwa bidii hata Agano Jipya likachapwa kwa Kinyiha mwaka 1913. Kwa hiyo Biblia si kitu kigeni Nanyala, na hoja ya malimbuko inastahili kujibiwa kwa Biblia yenyewe. Andiko kubwa liko katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 26. Mkulima aliyeingia katika nchi mpya anaagizwa kuchukua baadhi ya mazao yake ya kwanza, ayatie katika kapu, ayapeleke kwa kuhani. Ni baadhi, na ni kapu moja. Ghala linabaki nyumbani.

Lakini kapu halipokelewi kimya. Mleta kapu lazima aseme, na anayotakiwa kusema ni historia ya kazi. Anataja baba aliyekuwa mtangatangaji, watu wachache walioshuka Misri, mabwana waliowatesa kwa kazi ngumu, kilio kilichosikiwa, safari, na nchi waliyopewa. Ndipo anaonyesha kapu. Katika maneno yote hayo hakuna hata ombi moja. Haombi kupandishwa cheo, haombi ghala kujaa, hataji atakachorudishiwa. Kila sentensi inatazama nyuma. Na akimaliza, anaagizwa afurahi pamoja na Mlawi na mgeni anayeishi kwake, watu wawili ambao hawana shamba.

Marabi walioandika Mishna, kama miaka 200 baada ya Kristo, walikusanya kumbukumbu za jinsi jambo hilo lilivyofanyika Yerusalemu. Mtu alishuka shambani kwake, akaona tini la kwanza kuiva, akalifunga unyasi ili alijue. Waleta makapu walipokaribia mji, mafundi wa Yerusalemu walisimama kuwasalimu. Mafundi, yaani wachonga mbao na wafua chuma waliokuwa kazini, waliacha kazi na kuinuka mbele ya kapu la mkulima wasiyemjua. Na liko jingine. Hapo mwanzo aliyejua kusoma alijisomea maneno yale, na asiyejua alitamkishwa neno kwa neno. Wasiojua kusoma wakaona haya, wakaacha kuja. Basi ikaamuliwa kwamba wote, wasomi na wasio wasomi, watamkishwe sawasawa, ili asiwepo wa kuaibika. Mtu atatafuta sana kabla ya kupata mfano mzuri kuliko huo wa dini kujirekebisha kwa ajili ya mtu wa chini.

Hapo ndipo fundisho la malimbuko kama linavyohubiriwa mahali pengi linapopungukiwa. Limechukua kapu likaacha simulizi. Limechukua neno la kwanza, la kutoa, na kuongeza ahadi ya faida, kiasi kwamba kijana anatoa mshahara wake kama mtu anayepanda mbegu katika shamba la uhakika, na mwezi wa tatu anapokosa nauli anajiona kuwa imani yake ndiyo yenye kasoro. Si haki kumwekea mtu wa miaka 19 mzigo huo. Na wala si lazima mtu akatae kutoa ili aone jambo hili. Wapo waliotoa mshahara wote wa kwanza kwa moyo mweupe, wakala kwa ndugu mwezi mzima, na mpaka leo wanakumbuka mwezi huo kwa furaha. Imani ya namna hiyo haihitaji ruhusa ya mwandishi yeyote. Linalouma ni pale anayepokea anapojua kiasi na hajui kazi.

Kwa Waislamu mlango ni mwingine. Mshahara wa kwanza hautolewi zaka kwa sababu tu ni wa kwanza. Kwa wanazuoni walio wengi, mali sharti ifike nisabu, yaani kiwango cha chini, ambacho kwa dhahabu ni gramu 85 hivi, na ipitiwe na mwaka mzima mikononi mwa mwenyewe. Mpakia viroba hafiki huko kwa mwezi mmoja, na pengine hata kwa miaka. Sharia inamwacha alipe deni na kulisha watu wake. Swali la kwanza anaulizwa mwajiri. Katika hadithi iliyopokewa na Ibn Majah, Mtume anaagiza mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na katika Sahihi Bukhari imo hadithi ambayo Mwenyezi Mungu anataja watu watatu atakaokuwa hasimu wao Siku ya Kiyama: aliyetoa ahadi kwa jina la Mungu akaivunja, aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemwajiri mtu, akatimiziwa kazi, asimlipe. Muuza watu na mla ujira wamewekwa safu moja.

Anayedhani hapo dini hizi mbili zinaachana, na arudi nyuma sura mbili katika kitabu kilekile cha Torati. Sura ya 24 inaagiza kibarua maskini, awe ndugu au mgeni, alipwe siku ileile kabla jua halijachwa, kwa sababu moyo wake uko juu ya malipo hayo. Sura ya 24 ni malipo ya kibarua, sura ya 26 ni kapu. Mpangilio huo unafaa kufuatwa hata madhabahuni: kwanza iulizwe kama mtu amelipwa, na amelipwa na nani, kwa kazi gani, kisha ndipo kapu lipokelewe. Tanzania inayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayokataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na kumzuia aliye chini ya miaka 18 asifanye kazi migodini, viwandani wala mahali pengine penye hatari kwake. Bahasha ikitoka kwa mtoto wa miaka 15 mwenye vidole vilivyobabuka kwa chokaa, anayeipokea amepokea zaidi ya sadaka. Amepokea habari, na habari hiyo ina mtu wa kupelekewa.

Mfano wa Yesu juu ya shamba la mizabibu, katika Mathayo sura ya 20, unasomeka kwa Kiswahili kwa wepesi wa pekee, kwa kuwa saa zake ni saa zetu. Mwenye shamba anatoka alfajiri, anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja, jua linapoelekea kuzama. Kila mara anakuta watu wamesimama. Mswahili hahitaji maelezo hapo. Anaijua sura ya kijiwe, watu wamekaa juu ya tofali na zana zao mbele, kila gari likipunguza mwendo wanainuka. Wanaulizwa kwa nini wamesimama mchana kutwa bila kazi, nao wanajibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Jioni wanalipwa wote dinari moja, ujira wa kutwa, hata waliofanya saa moja. Wahubiri hueleza mfano huo kuwa ni neema, na ndivyo ulivyo. Lakini yuko mtu mmoja ndani yake asiyetajwa sana: yule wa saa kumi na moja, aliyesimama tangu asubuhi na kukataliwa mara nne, ambaye siku hiyo ameanza kazi na kuimaliza wakati wenzake wananawa. Dinari ile inafanya kesho yake iwezekane. Ukimwambia aitoe yote, umemrudisha kijiweni na tumbo tupu.

Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la mwaka 1962 juu ya msingi wa ujamaa, alikumbusha methali ya mgeni anayelishwa siku mbili, na ya tatu anapewa jembe. Methali hiyo hutumiwa kuwasuta wavivu, na Mwalimu naye alikuwa akisema juu ya kupe. Ina uso mwingine pia. Mgeni asiye na jembe anabaki mgeni. Anayepewa jembe ameambiwa kwamba hapa ni kwake sasa, ana sehemu, na kinachovunwa kina jina lake ndani. Ndiyo maana kitenge cha mama kina uzito usioelezeka kwa bei. Mama anapokipokea kwa mikono miwili, na bibi akatia neno lake la baraka, kijana anahama kutoka upande wa wanaolishwa kwenda upande wa wanaolisha. Tendo hilo ni la dini hata kama hakuna kiongozi wa dini chumbani. Kijana anayetuma fedha kwa simu na kukata bila kusema alizipataje, ametuma kiasi tu. Akipiga tena, akamweleza bibi juu ya nyundo, na moto, na rafiki aliyemkingia mgongo siku ya kwanza, amefika karibu sana na kile kapu la Torati lilichotaka.

Bahasha nyingi za sadaka zina mstari wa jina na mstari wa kiasi. Hebu iwepo Jumapili moja Nanyala ambayo kijana ataitwa mbele na kapu lake, na kama hana maneno atamkishwe, na mafundi waliomo ibadani wasimame. Maneno yake yangeweza kuwa haya: Baba wa babu yangu alitembea hadi Lupa kutafuta fedha ya kodi, akarudi na blanketi moja na kikohozi. Babu yangu alibeba mataruma ya zege kwenye reli akiwa na umri kama wangu. Mama yangu alichuma kahawa ya watu kwa debe, mimi nikiwa mgongoni. Na mimi nimeponda mawe siku ishirini na sita, nimelipwa zote, na hizi hapa ni za kwanza.

Baada ya hapo zingeandaliwa sahani za ugali na maharage ya Mbozi nje chini ya mti, mwenye tanuri akae benchi moja na wapondaji wake, na utingo ambaye lori lake limekwama Senjele tangu alfajiri asogezewe kiti na maji ya kunawa.